Ekseli ya Baba Mdogo

Magari ya vita yanauzwa tena. Juzi nilipita uwanja ulio nyuma ya stesheni nikayaona yamepangwa mistari, yamepauka, mengine hayana vioo, na watu wanayazunguka wakipiga magurudumu mateke kama wanunuzi wa ng'ombe wanaopapasa nundu mnadani. Mtu mmoja wa makamo alikuwa amelala chali chini ya lori, miguu tu ndiyo ilionekana, na kutoka pale chini ikanijia harufu ya grisi kuukuu iliyochanganyika na vumbi. Niliondoka haraka. Wenzangu wa chuo niliokuwa nao walidhani nimekumbuka darasa.

Sisi tuliozaliwa Usukumani baada ya vita vile vya kwanza tulikulia kati ya mabaki yake. Wachungaji walivaa makoti ya jeshi yasiyo na vifungo, na chumvi ilihifadhiwa katika masanduku ya risasi. Kwetu kulikuwa na lori. Kijiji chetu kilikuwa kando ya njia itokayo Shinyanga kwenda Geita, na hapakuwa na mwingine mwenye rangi kama yetu aliyemiliki kitu cha namna ile. Baba alilinunua kwa ng'ombe karibu wote aliokuwa nao, kutoka kwa Mhindi mwenye ghala la pamba mjini. Mhindi alilipata kwa serikali baada ya vita, likamfia, akaliacha nyuma ya ghala mpaka kuku wakataga juu ya kiti cha dereva. Watu walisema vita vimemrudia Baba kichwani.

Kwa namna fulani walikuwa sahihi. Baba alikuwa mpagazi wa jeshi, yeye na mdogo wake aliyeitwa Luhende. Walichukuliwa wakiwa wanapalilia. Huko kusini walifika mahali penye tope ambapo malori hayakuweza kupita, na wakubwa wakaamuru lori moja lifunguliwe vipandevipande livushwe mabegani. Ekseli ya mbele walipewa Baba na Luhende, mmoja kila upande. Luhende alikuwa ameanza kuhara damu. Siku moja upande wa nyuma wa ekseli uligonga chini, na Baba alipogeuka, mdogo wake alikuwa amekaa njiani kama mtu anayepumzika. Hawakuruhusiwa kusimama. Mtu mwingine alisukumwa kushika upande ule, na Baba akaenda. Hakuna aliyemzika Luhende. Hakuna anayejua alipo.

Kwa hiyo siku Baba alipoliona lori la Mhindi alivua shati, akaingia chini yake, akalaza bega kwenye ekseli ya mbele. Begani alikuwa na kovu lililobonyea, ukubwa wa yai la kuku. Kwenye ekseli palikuwa na kinundu cha chuma, ukubwa uleule. Viliingiana. Alikaa pale chini muda mrefu hata Mhindi akamtuma mtu kuangalia kama amekufa.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Magari ya aina ile yaliletwa mengi, na bila shaka kila moja lilikuwa na kinundu mahali palepale kwa sababu kiwanda ndicho kilichokiweka. Bega la mpagazi yeyote lingeingia. Nilimweleza Baba hivyo mara moja, nimerudi likizo, nimejaa vitabu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unasema ni ya nani?" akaniuliza.

Mpaka leo sijui ni ya nani. Lakini kutojua kwangu hakufanyi jibu lake kuwa kweli.

Alijifunza kulitengeneza kwa kulifungua, kwa kuwa alikwisha kuliona limefunguliwa. Kila kipande alikiita kwa jina la aliyekibeba. Rejeta ilikuwa Masanja. Usukani ulikuwa Ng'wandu, aliyekuwa na wivu na asiyependa kushikwashikwa. Grisi ilipokosekana alipaka samli, na kwa siku kadhaa lori lilinukia kama jiko la harusi, kisha samli ikachacha na mbwa wote wa kijiji wakalifuata. Rejeta ikivuja alimimina uji mwembamba wa mtama ndani yake, ule unga ukaziba matundu. Petroli aliichuja kwa kipande cha shuka la Mama. Matairi yalipokwisha kabisa aliyashindilia nyasi. Na lilitembea. Liliwapelekea wachimba dhahabu wa Geita unga, sululu na chumvi, likarudi na kishindo ambacho tulikisikia likiwa bado ng'ambo ya mlima.

Ekseli haikuwa ya kugusa. Kabla ya safari Baba alikoroga unga na maji kidogo katika kibuyu, akaelekea jua linakochomoza, akatema kidogo hewani, akapaka kidogo kwenye chuma. Ndivyo kwetu wazee wanavyosemeshwa. Mwenye kaburi hufanyiwa kaburini, na mwenye kibanda cha mizimu hufanyiwa kibandani. Luhende hakuwa na kimojawapo. Mimi nilijua kwamba baba mdogo anaishi ndani ya ile ekseli. Sikuwa na shaka hata kidogo. Kila asubuhi nilichuchumaa nikasema "Mwangaluka, baba," kama tunavyosalimiana kwetu kunapokucha, na chuma kilipotoa mlio kwa sababu ya jua kukipasha, nilijua nimeitikiwa.

Mama alikuwa hasemi na chuma. Mimi naitwa Shija, na kwetu mtoto anayewafuata mapacha ndiye Shija. Hao mapacha, Kulwa na Doto, sikuwakuta. Baada yangu walikufa wengine wawili, wote siku ya kuzaliwa. Basi alipopata mimba tena alikwenda Kolandoto, mwendo wa siku mbili kwa miguu, na mkunga wa misheni akampima, akamwambia mtoto amekaa vibaya. Alimwomba arudi mwezi mzima kabla ya siku zake, akae karibu na hospitali asubiri. Mama alirudi na maneno hayo akayasema wakati wa chakula, polepole, ili yasipotee hata moja.

"Utakwenda," Baba akasema. "Utakwenda kwa gari."

"Naweza kwenda sasa na wifi yangu. Tutatembea taratibu, tutalala njiani kwa watu."

"Mke wangu hatatembea kama mpagazi wa Serikali. Utakaa mbele, pembeni yangu."

"Baba Shija, mimi nataka kufika. Sijasema nataka kukaa mbele."

Baba alicheka, akamwambia kwamba mtoto akiwa wa kiume ataitwa Luhende. Nadhani kwake lilikuwa jambo moja: gari, jina, na mwanamke aliyeketi juu ya kiti huku chuma kikimbeba badala ya yeye kukibeba. Nami nilielewa kwa namna yangu. Kama mtoto ni Luhende, na Luhende yuko ndani ya ekseli, basi siku ikifika atatoka kule ataingia kwa Mama. Nilianza kuitazama ile ekseli kama watoto wanavyotazama yai lililoatamiwa.

Ndipo ufa ulipoonekana. Ulikuwa mwembamba kama unywele, karibu na kile kinundu. Baba aliuona akirudi kutoka Geita, akafuta grisi kwa kidole, akafuta tena, kama kwamba ufa nao ungefutika. Wiki hiyohiyo alikuja Salehe. Huyu alikuwa Mzaramo wa pwani, dereva wa tajiri mmoja wa Shinyanga mjini, mtu mwenye kanzu safi na mikono michafu. Yeye na Baba walikuwa watani. Wazee wa pwani na wapagazi wetu, ambao wao waliwaita wote Wanyamwezi hata kama ni Wasukuma, walitaniana tangu enzi za misafara, na watani hawawezi kusalimiana bila kutukanana.

Salehe aliinama chini ya lori, akatoka huku akitikisa kichwa.

"Mnyamwezi wewe, chuma hiki kimekufa. Kizike."

"Mzaramo hajui chuma. Anajua kupanda mnazi na kuteremka."

"Kuna lori kama hili kwenye kambi ya dhahabu iliyofungwa huko Geita. Limeoza lote ila ekseli. Mlinzi namjua. Nikuletee?"

"Hiyo ni ya watu wengine," Baba akasema. "Hii itakwenda kwa mhunzi."

"Kwa mhunzi! Akutengenezee jembe. Ninyi hata mkipewa gari mtatafuta namna ya kulibeba kichwani. Hiki kitakatika, na siku hiyo nitakuja kumla mbuzi wako huku nacheka."

"Njoo. Utakula ngozi."

Majirani waliokuwa pale walishika mbavu. Mama alikuwa anapepeta mtama, tumbo limemzuia kuinama vizuri. Aliweka ungo chini.

"Shemeji Salehe, unasema kweli au unatania?"

Salehe alifuta mikono kwenye majani. "Shemeji, mimi na huyu bwana tumekwisha kusahau tofauti yake."

Watu wakacheka tena, na nafasi ile ikapita. Ninapotafuta mahali ambapo mambo yangeweza kwenda vingine, hurudi hapo. Kwa wageni ni vigumu kueleza. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, hata juu ya mama yako aliyekufa, na sharti ni kwamba usiliweke moyoni. Ukiliweka moyoni umevunja utani, umemfanya adui. Salehe alisema kweli kwa njia pekee aliyokuwa nayo ya kusema na Baba, na Baba alimjibu kwa njia pekee ya heshima, yaani kutomsikia.

Ekseli ilifunguliwa ikapelekwa kwa mhunzi Mrongo, wa watu wale wanaorithishana kazi ya kufua chuma upande wa Geita. Ilikwenda begani. Ilirudi na pete nene ya chuma iliyofungwa juu ya ufa ikiwa nyekundu, ikapoa ikabana. Kazi ilikuwa nzuri machoni. Lakini mhunzi alikuwa na foleni ya majembe, kilimo kinakaribia, na kwenda na kurudi kulikula ule mwezi ambao mkunga aliutaja. Mara mbili Mama alifunga mtumba wake wa safari, na mara mbili Baba akaufungua kwa mikono yake mwenyewe, kwa upole, akisema, "Subiri kidogo tu, wamebaki kumfunga Luhende." Alikuwa na maana ya ekseli. Mama akatazama njia.

Uchungu ulimshika alfajiri, kabla ya siku zake, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha usiku. Baba alizungusha hendeli mpaka jasho likatiririka, injini ikakohoa, ikashika. Mama aliketi mbele. Mimi na shangazi tulikaa nyuma juu ya magunia matupu. Nakumbuka kwamba nilifurahi. Upepo ulikuwa na harufu ya udongo ulioloa, kishindo kilijaza kifua changu, na niliamini kwamba chini yetu baba mdogo anajikunja kujiandaa kutoka. Tulipita mashamba, tukapita mbuga nyeusi, tukawa tumekwisha kuvuka sehemu kubwa ya njia. Shangazi alikuwa anasali kwa Kikristo na kwa kienyeji, kwa zamu.

Ekseli ilikatika kwenye kijito ambacho kwa kawaida ni mchanga mtupu. Siku hiyo kilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Gurudumu liligonga ukingo, tukasikia mlio mmoja mkavu, na lori likapiga magoti kama ng'ombe aliyechinjwa. Baba aliruka chini. Nami nilikuwa juu, nikaona kila kitu. Alikwenda kwanza kwenye chuma. Aliinama majini akaweka kiganja pale palipokatika, nje kidogo ya pete ya mhunzi, akakiacha hapo. Haukuwa muda mrefu. Mtu angeweza kusema ni muda wa fundi kuangalia ubovu. Lakini Mama alikuwa ameketi juu yake, ameshika ubao kwa mikono miwili, na alikuwa anamtazama mgongo.

"Baba Shija," akasema. "Niko huku."

Watu waliokuwa wakilima karibu walikuja. Turubai la lori lilifungwa kwenye mti mrefu, Mama akalazwa ndani, na wanaume wakalipokezana mabegani kwenda Kolandoto. Baba alishika upande wa mbele na hakukubali kupokewa. Tulitembea mpaka jua likainama. Mti ulikuwa umekalia palepale penye kovu lake. Tulipofika, watu wa misheni walimpokea mbio, wakafanya waliyoweza, na baadaye mkunga akatoka nje akifuta mikono kwa aproni. Alikuwa mtoto wa kiume. Alikuwa amekwisha kufa njiani. Mama angepona, lakini asingezaa tena.

Mimi nilikuwa nimeiona ekseli ikiwa vipande viwili. Nikamwuliza shangazi kama nusu nyingine imebaki kule kijitoni, turudi tuichukue. Alinifunika mdomo kwa kiganja chake, akanishikilia hivyo muda mrefu.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Mwalimu wa dini alisema ni mapenzi ya Mungu. Mganga wa kijijini kwetu alisema Luhende alikasirika kufungwa pete kama mateka. Mimi nilipokua nikajifunza neno la kitaalamu la uchovu wa chuma, nikatembea nalo kwa majivuno kama miezi miwili. Yote yanaeleza kwa nini kilikatika. Hakuna linaloeleza kwa nini Mama alikuwa amekaa juu yake siku ile, wakati alikuwa na miguu, na wifi, na mwezi mzima.

Habari zilimfikia Salehe mjini, akaja Kolandoto siku iliyofuata kwa lori la tajiri wake. Nyuma kulikuwa na ekseli, nzima, imepakwa mafuta. Baba alikuwa amekaa kwenye ukuta wa nje. Alimwona Salehe akishuka, akasubiri tusi. Hapakuwa na tusi.

"Umeipata wapi haraka hivyo?" Baba akauliza.

"Ninayo tangu mwezi uliopita. Ilikuwa uani kwangu. Nilijua utakuja kuiomba, nikakuwekea na maneno ya kukucheka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Ulitania."

Salehe alivua kofia yake, akaitazama ndani. Kisha alikwenda kukaa upande mwingine wa ukuta. Sikuwahi tena kuwasikia wakitaniana. Walipokutana baadaye waliamkiana vizuri, kama watu wasiojuana.

Walikwenda kijitoni wakafunga ile mpya. Vile vipande viwili Baba aliviacha mchangani. Nilipopita hapo miaka kadhaa baadaye havikuwapo, bila shaka sasa ni majembe ya mtu. Na ile ekseli ya kambini ilikaa vizuri kabisa, bila kinundu chake kubishana na kitu chochote, kana kwamba ndiyo iliyozaliwa na lori lile.

Mama alipopata nguvu Baba alikuja kumchukua. Alikuwa ameosha lori. Kwenye kiti cha mbele alikuwa ametandika blanketi jipya. Mama alitoka amebeba mtumba wake, akaagana na mkunga, akapita mbele ya lori, akashika njia. Mimi nilimkimbilia nikamshika kanga.

Baba aliwasha gari akatufuata. Alikuja pembeni yetu, gia ya kwanza, injini ikilia kama inasagwa.

"Mama Shija, panda. Njia ni ndefu."

"Wewe nenda. Utatukuta nyumbani, au tutakukuta."

"Siwezi kumwacha mtu njiani."

"Mimi sijaachwa," Mama akasema. "Natembea."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomweleza mtu bei ya chumvi. Basi tulikwenda hivyo, sisi mbele, lori nyuma, mwendo wa mwanamke ambaye bado alikuwa mgonjwa. Katika vijiji watu walitoka kutazama, watoto wakakimbia kando wakishangilia, na wazee wakapiga makofi, maana walidhani ni aina ya sherehe. Mvuke ulitoka kwenye rejeta. Kila tulipopumzika naye alisimama, na tulipoinuka naye alizungusha hendeli upya.

Siku ya pili, mbuga ikiwa pande zote na nyumbani hakujaonekana bado, petroli ilikwisha. Injini ilikata. Ukimya ulikuwa mkubwa hata masikio yangu yakauma. Nilimtazama Mama. Alibadilisha mtumba akauweka bega la pili, hakugeuka. Nikasikia Baba akishuka. Kisha nikasikia miguu yake juu ya changarawe, mbali nyuma yetu, inakuja. Nilisubiri iongeze mwendo itufikie. Haikuongeza.